Gari Nalo ni Jiko

Base Camp, Nakivale
Isingiro, Uganda
Jumapili, 19 Januari 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako za mwaka mpya zimetufikia, na pesa ulizomtumia bibi yako amezipata. Amelipa deni la dukani, zilizobaki amenunulia blanketi. Sisi hatujambo. Mvua imekatika, vumbi la barabara ya Mbarara limerudi kama unavyolijua, na mimi bado naondoka na abiria kabla hakujapambazuka.

Nakuandikia kwa mkono, si kwa sauti ya WhatsApp, kwa sababu jambo hili nataka uwe nalo na ulirudie. Sauti husikilizwa mara moja ukiwa njiani, kisha inafunikwa na nyingine. Karatasi hizi jirani yetu mwalimu atazipiga picha akutumie leo, nami nitaziweka mpaka apatikane msafiri wa kukuletea.

Juzi mama yako alinipigia simu akakusifu sana. Alisema tangu baridi ikaze unaamka saa kumi alfajiri, unashuka kwenye banda la gari lililo chini ya chumba chake, unawasha Corolla na kuiacha ikiunguruma nusu saa nzima, ili yeye akitoka kwenda kazini akute kiti kina joto na kioo hakina barafu. Akasema, "Mtoto amekuwa mwanaume." Nilifurahi pamoja naye. Kisha nikamwuliza kama mlango wa banda huwa unaufungua. Akasema hapana, ukifunguliwa baridi inaingia nyumba nzima.

Nilimwambia palepale asikubali tena, na wewe nikakuandikia maneno manne: usiwashe gari ndani, tafadhali. Ukanijibu, "Sawa mjomba, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kupasha injini moto." Jibu hilo ndilo lililonikalisha mezani leo badala ya kwenda kanisani.

Ulilosema ni kweli. Nilikufundisha mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi, unakaa kwenye kiti cha dereva na miguu haifiki chini, mimi nakuacha uzungushe ufunguo, halafu tunasubiri pamoja gizani mpaka sindano ya joto ipande. Nilikuambia kwamba dereva anayeondoka na injini baridi anaiua injini yake. Nami nilifundishwa hivyo na bosi wangu kule Goma, nilipokuwa utingo kwenye Toyota Stout yake. Wala hakukosea. Ila maneno yake yalikuwa ya gari lile, nami nikayabeba kama yalivyo nikayaweka kwenye magari yote yaliyofuata, hata lako ambalo sijaliona ila kwenye picha.

Stout ile ilikuwa na kabureta. Kwenye kabureta, hewa inayoingia ndiyo inayoivuta petroli kupitia kitundu kidogo. Asubuhi ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, inabaki matone, moto unaikosa. Ndiyo maana tulivuta choki, kuibana hewa ili petroli izidi, tukasubiri. Ukiondoka mapema gari linakohoa, linazimika kwenye kona, na kuzimikiwa na gari kwenye barabara ya Rutshuru ukiwa na gunia za viazi mgongoni lilikuwa jambo la hatari. Wenye malori nao walikuwa na sababu yao: breki zao ni za upepo, na dereva mwenye akili hatoki mpaka mitungi ya upepo ijae. Sisi matingo tuliyachanganya yote hayo tukayaita kupasha injini moto.

Hata hapa Uganda utaona kitu kinachofanana. Nilipokuwa nikipeleka mizigo Kabale, kule juu kwenye baridi ya kweli ya nchi hii, gari la dizeli halikuwashwa kwa pupa. Ulizungusha ufunguo nusu, ukasubiri kitaa cha manjano chenye alama ya koili kizimike, ndipo ukapiga stata. Kitaa hicho kinaonyesha kwamba plagi za kupashia zinawaka ndani ya injini. Zinachukua sekunde chache. Kikizimika, unawasha na kuondoka. Niliyaona hayo kwa miaka na bado sikujiuliza kwa nini kwenye gari la petroli nasubiri robo saa.

Gari lako halina kabureta. Huko Marekani magari mapya yaliachana nayo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Corolla yako ya 2012 ina kompyuta inayopima joto la maji ya injini, kisha inaamuru petroli kiasi gani inyunyizwe. Choki niliyokuwa naivuta kwa mkono, kompyuta hiyo inaivuta yenyewe, tena kwa kipimo. Injini inachohitaji asubuhi ni oili ipande ifike juu. Hiyo ni kazi ya nusu dakika. Kwa baridi yenu tuseme dakika moja au mbili. Baada ya hapo ondoka, lakini polepole. Usikanyage mafuta kwa nguvu katika kilomita za mwanzo. Injini inapata joto ikifanya kazi. Ikisimama ikiunguruma inapata joto kidogo kidogo, na huku kompyuta inazidi kuimwagia petroli kwa sababu bado ni baridi. Petroli isiyoungua inaosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, nyingine inashuka chini kuchanganyika na oili yenyewe. Kwa hiyo kusubiri kule nilikodhani kunailinda injini ndiko kunakoila. Tena giaboksi, beringi za magurudumu na matairi havipati joto lolote gari likiwa limesimama.

Oili ndiyo ya kuangalia. Kule Mbarara fundi wangu ananiwekea 20W-50, nzito, nayo inatufaa kwa sababu alfajiri yetu ya Julai, ile unayoikumbuka ukungu ukitoka ziwani, haishuki sana chini ya nyuzi 13 au 14. Hiyo namba iliyo mbele ya herufi W ndiyo ya baridi. Oili ya 20W hupimwa kama stata itaweza kuizungusha injini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ya 5W hupimwa kwenye 30 chini ya sifuri, na ya 0W kwenye 35. Ile picha uliyonitumia ya kipimajoto kinachoonyesha 13 chini ya sifuri, nilidhani ni nyuzi zetu. Mwalimu akanihesabia, kwa kuwa ninyi mnapima kwa Farenhaiti, akapata 25 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo oili yangu ingekuwa kama asali iliyoganda. Fungua boneti usome kifuniko cha oili. Kwa gari lako naamini utakuta 0W-20. Fundi yeyote asikuwekee nyingine kwa kuwa ni ya bei nafuu.

Mpaka hapa ningeweza kukuandikia kwenye simu. Sasa nakuja kwenye lile ambalo mama yako hajawahi kukuambia. Nilimwomba ruhusa jana, akalia, kisha akasema nikuambie.

Tulivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2008, tukapitia Kisoro, tukaletwa Nakivale. Ulikuwa na miaka mitatu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, mlikuwa mnakaa New Congo kwenye nyumba ya miti na udongo, juu turubai la plastiki. Mvua ilianza jioni. Mama yako alikuwa na maharage kwenye sigiri nje, na maharage unayajua, hayana haraka. Akaihamishia sigiri ndani. Maharage yakaiva, mkala, na makaa yalikuwa bado mekundu. Wewe ulikuwa na kifua, unakohoa siku ya tatu. Akaona joto lile ni zawadi. Akaiacha sigiri karibu na mkeka wako, akaziba upenyo wa mlango kwa gunia ili upepo usikupige, akalala.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuja kumchukua, tulikuwa tumepanga kwenda Mbarara. Nikabisha hodi. Kimya. Nikasikia kitu kama mtu anajikokota. Nilipousukuma mlango alikuwa chini karibu na kizingiti, ametapika, anashika kichwa, anataka kusimama na miguu inakataa. Hakukuwa na moshi, mpwa wangu. Hilo ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Hewa ya ndani ilikuwa safi machoni, haikunuka ila makaa kidogo tu. Wewe ulikuwa umelala ubavu, mashavu mekundu, mzuri kama mtoto aliyeshiba. Nilikuita hukuitika. Nilikubeba ukaning'inia kama nguo iliyoloa.

Nilikutoa nje kwenye mvua. Jirani mmoja Mrundi alimtoa mama yako. Tulikupeleka kituo cha afya kwa bodaboda, mimi nikiwa nyuma nimekufunga kifuani, na mhudumu aliyekuwa zamu akakuwekea oksijeni. Jua lilikuwa limeshapanda ulipofungua macho ukaomba maji. Majirani walishasema ni malaria iliyopanda kichwani, wengine wakasema mmerogwa. Yule mhudumu ndiye aliyetuketisha akatueleza. Makaa yakiungua mahali penye hewa haba yanatoa hewa inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Damu inaishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, ndipo mtu anakufa kwa kukosa pumzi huku anavuta pumzi. Kwanza kichwa kinauma, halafu kichefuchefu, halafu usingizi, na usingizi huo mtu anaupenda.

Mama yako amejilaumu miaka yote hii. Mimi simlaumu, na wewe usimlaumu. Alifanya vile vile unavyofanya wewe sasa: alimpashia joto mtu anayempenda.

Mimi na mama yako tulikulia upande wa Sake, na kule mtoto anafundishwa mazuku kabla ya kufundishwa kuhesabu. Mazuku ni hewa inayotoka ardhini kwenye mabonde madogo karibu na volkano. Mbuzi anashuka kunywa maji harudi. Mtoto anamfuata mbuzi naye harudi. Wazee walituonyesha mahali pa kutokanyaga, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza. Kwa hiyo si kwamba hatukujua kuwa hewa inaua. Tulijua, ila tulidhani iko mahali pake, Sake, shimoni. Hatukuijua iliyo ndani ya sigiri. Na naona mama yako alipoijua ya sigiri hakuifananisha na ya gari. Kwake gari ni chombo cha kusafiria. Hakuliona kuwa nalo ni jiko, lina moto tumboni, linakula mafuta na kutoa hewa ile ile.

Kati yake na mazuku kuna tofauti, nayo ndiyo inayonitisha. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito, inakaa chini kama maji. Hii ya gari haikai chini. Inachanganyika na hewa ya kawaida, inapita kwenye nyufa za dari, kwenye tundu za mabomba, chini ya mlango, inapanda na joto mpaka chumbani. Chumba kilicho juu ya banda lenu ni cha mama yako. Na injini baridi ndiyo mbaya zaidi kuliko yenye joto, kwa sababu ile petroli iliyozidi haiungui yote, na chombo cha kusafisha moshi kilicho chini ya gari hakifanyi kazi mpaka chenyewe kiive moto wa nyuzi mamia. Zile dakika za kwanza unazozitumia ndani ya banda ndizo zenye sumu nyingi kuliko zote za safari. Kufungua mlango mkubwa hakutoshi. Upepo wa nje unaweza kuurudisha moshi ndani. Toa gari nje kabisa kabla hujasubiri hata sekunde thelathini. Na kama limelala nje na theluji imeanguka usiku, kabla ya kuwasha zunguka nyuma ulifukue bomba la moshi. Bomba likizibwa na theluji moshi unarudi chini ya gari na kuingia kwa abiria.

Nisikuache bila njia ya kumpa mama yako kiti chenye joto, maana nia yako ni njema.

Kwenye picha zako niliona magari yana waya wenye plagi unaoning'inia mbele kama ulimi. Nilidhani ni ya umeme. Nikauliza, nikasoma, kumbe ni hita ya injini, na kumbe ilitoka hukohuko kwenu North Dakota. Bwana Andrew Freeman wa Grand Forks, mtu wa shirika la umeme, aliibuni akapata hataza mwaka 1949. Ya kwanza aliitengeneza kwa vipande vya bomba la shaba na koili ya pasi kuukuu. Niliposoma hilo niliweka simu chini nikatulia. Wewe umeona mafundi wa hapa wanavyogeuza bati kuwa sigiri, rimu ya gari kuwa jiko la kuchomea. Mtu huyo alikuwa ndugu yetu. Hita hiyo unaichomeka kwenye umeme, inapasha maji ya injini gari likiwa limezimwa. Hakuna petroli inayoungua wala moshi. Saa mbili au tatu zinatosha, si usiku kucha. Nunua na kifaa cha saa ili umeme uwake wenyewe alfajiri, na waya uwe ule mnene wa kutumia nje. Gari lenye hita linawaka mara moja, na joto linafika kwenye kiti mapema zaidi kuliko kwa nusu saa yako ya kuunguruma.

Kuhusu petroli nitasema kidogo tu. Gari dogo likisimama likiunguruma linakula kama lita moja kwa saa, pengine zaidi kwenye baridi. Nusu saa kila siku ya kazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ni lita zaidi ya 50. Kwa bei yetu ya karibu shilingi 5,000 kwa lita, ni zaidi ya 250,000. Najua dola zenu zinahesabika vingine, lakini hizo zingelipa hita.

Betri, ipime kabla ya kila msimu wa baridi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabakiwa na chini ya nusu ya nguvu yake, wakati injini nayo ni nzito kuzungusha. Betri iliyoisha chaji inaweza hata kuganda ikapasuka; iliyojaa haigandi. Upepo wa matairi nao hupungua baridi ikizidi, uangalie. Rejeta usithubutu kuitia maji matupu kama tunavyofanya sisi tukiishiwa njiani. Maji yakiganda yanatanuka, na yatapasua injini ya chuma kama chungu. Tia dawa yake nusu kwa nusu na maji, hiyo inastahimili mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri au karibu na hapo. Kioo usikimwagie maji ya moto, kikwangue. Na gari likiunguruma nje, hata dakika mbili, usiliache na ufunguo ndani ukarudi kunywa chai. Wezi wa huko nasikia wanapita alfajiri hiyo hiyo kutafuta magari ya namna hiyo.

Bibi yako ananiuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia ni habari za gari. Yeye naye hakuambiwa ya mwaka 2009, alikuwa bado kule nyumbani, na naomba yabaki kati yetu watatu mpaka mama yako aamue.

Jambo la mwisho ninaloomba ni dogo. Mama yako anasema ukutani, nje ya chumba chake, kuna king'ora cheupe cha hewa hiyo ya kaboni, lakini hajui kama kina uhai. Ukimaliza kusoma panda ngazi, ubonyeze kile kitufe cha kujaribia, na unipigie kwanza ili nisikie kikilia. Hata kama hapa ni usiku wa manane, piga. Simu nitailaza karibu na kichwa.

Mjomba wako